Bahari ya Chungu Sebuleni Kwangu

Naomba niseme mapema ili asije akatafutwa mtu wa kulaumiwa: hakuna aliyenilazimisha. Sikulogwa, sikutekwa, wala sikusainishwa karatasi nikiwa usingizini. Nilitaka tu kupumzisha kichwa. Mwenzangu mmoja kazini akaniambia, "Weka tangi la samaki sebuleni. Unarudi jioni, unakaa, unawatazama wanavyopita taratibu, presha inashuka." Hakufafanua presha ya nani.

Na ningechukua samaki wa maji baridi, wale wa kawaida, saa hizi ningekuwa nimelala. Lakini nikaona picha ya matumbawe yanang'aa zambarau na kijani, samaki wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanapitapita katikati, nikasema kama ni kufuga, basi nifuge bahari yenyewe. Wahenga walishasema maji ya kifuu bahari ya chungu. Nilidhani wanamsema mdudu. Kumbe walikuwa wananitaja mimi.

Tangi ni la lita 200. Likiwa tupu unalibeba na shemeji yako huku mnapiga soga. Likijaa, hayo ni maji ya kilo 200 na ushee, na hapo hujahesabu kioo, mchanga na mawe. Mimi nilikuwa na mpango wa kuliweka juu ya meza ya televisheni. Mama Neema akaitazama meza, akanitazama mimi, akasema, "Baba Neema, meza hii ukiiwekea kiwiko tu inalia." Tukanunua stendi ya chuma. Hilo ndilo shauri lake la kwanza nililolifuata, na sijui kwa nini sikuendelea na tabia hiyo.

Halafu maji. Nilidhani maji ni maji. Hapana. Maji ya bomba yana klorini, yana fosfeti, pengine yana shaba, na shaba kwa kamba na konokono ni sumu hata ikiwa kidogo tu. Kwa hiyo kuna mashine ya kuchuja, inatoa maji matupu kabisa, maji yasiyo na kitu chochote ndani yake isipokuwa umaji wake. Inatoa tone kwa tone kama mtu anayelipa deni asilolikubali, na kwa kila lita moja safi inatupa lita tatu au nne pembeni. Hayo yanayotupwa ndiyo tunafulia. Samaki wanapata yaliyochujwa, sisi tunapata makapi. Nikauliza kwa sauti, katika nyumba hii mwenye nyumba ni nani? Sikujibiwa.

Ukishayasafisha maji mpaka yamebaki hayana kitu, unaanza kuyachafua upya kwa utaratibu. Gramu 35 za chumvi kwa kila lita, yaani kwa tangi langu kilo 7. Mama mkwe, ambaye siku hiyo alikuwa kwetu, akanishauri kwa upole nichukue ya jikoni. Nikamweleza kwamba ya jikoni haifai, hii ya bahari ina magnesiamu, kalsiamu, potasiamu na mengineyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwanawe, akamwuliza, "Anakula vizuri lakini?"

Basi maji yakajaa, pampu zikazunguka, mawe yakapangwa. Nikasugua mikono, nikasema sasa samaki. Nikaambiwa, samaki? Subiri wiki sita.

Wiki sita za nini? Za bakteria. Iko hivi: samaki akila atajisaidia, na uchafu wake unageuka amonia, ambayo inamwua. Kuna bakteria wanaoila amonia na kutoa nitriti, ambayo nayo ni mbaya. Kisha kuna wengine wanaoila nitriti na kutoa nitrati, ambayo ukiidhibiti haina neno. Hao bakteria hawaji kwa kuitwa. Lazima uwaandalie mawe, uwawekee amonia wewe mwenyewe kwa mkono wako, halafu ungoje wazaane. Kwa hiyo kwa mwezi mmoja na nusu mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, kila jioni nimekaa kwenye kiti natazama maji na mawe.

Wageni wakija wanainama. Wanazunguka upande huu, wanazunguka upande ule.

"Samaki wako wapi?"

"Bado."

"Sasa humu unafuga nini?"

"Bakteria."

Jirani yangu, mzee mwenye heshima zake, alinyanyuka akaaga kabla hajamaliza kilichokuwa kwenye kikombe.

Ni katika wiki hizo hizo, kama ya pili, usiku tumelala, nikasikia: TAP! Mlio mkavu, mkali, kama kioo kinachopasuka. Jamani, ukishajua una kilo 200 za maji ya chumvi sebuleni, mlio wa namna hiyo hausikii kwa masikio, unausikia kwa magoti. Niliruka kitandani, nikafika sebuleni sijui nimepita mlango gani. Nikapapasa pembe zote nne za tangi. Kavu. Nikapapasa zulia. Kavu. Nikarudi kulala. Ile naweka tu kichwa: TAP!

Usiku huo nililala sakafuni kando ya tangi, nimezungukwa na mataulo yote ya nyumba, pamoja na lile la wageni ambalo hata wageni hawaruhusiwi kulitumia.

Sasa niwaambie kuhusu vipimo, maana hapa ndipo ndoa ilipotikisika kweli. Unachota maji kwenye kichupa, unatia matone, unatikisa, unangoja dakika, kisha unalinganisha rangi na kadi. Kadi ya nitrati ina vipande vya pinki: pinki hafifu, pinki hafifu kidogo zaidi, pinki inayotaka kuwa pinki, na kadhalika. Tofauti kati ya kimoja na kingine ndiyo tofauti kati ya 5 na 10, na kati ya 10 na 25. Mimi nikiangalia naona 5. Namwita Mama Neema.

"Hii ni ngapi?"

"Hiyo ni rangi ya shuka zetu tangu ulipozifua na soksi yako nyekundu."

"Kwenye kadi, mama."

"Ishirini na tano."

"Ishirini na tano inatoka wapi? Hii ni 5!"

Tukamwita Neema, ana miaka saba, atuamulie. Akasema ni nzuri.

Na nitrati ni moja tu. Kuna kalsiamu, iwe 400 hadi 450. Kuna magnesiamu, iwe 1,300 hivi. Kuna ualkali, uwe kama 8 au 9, na huo usipande wala kushuka ghafla, maana matumbawe yanastahimili namba isiyopendeza kuliko namba inayorukaruka. Joto nyuzi 25 au 26, usiku na mchana, masika na kiangazi. Mimi maishani sijawahi kupata nyuzi zangu 25 kwa mfululizo. Naoga maji ya baridi, natoka nje najikunja kama jani, halafu napita sebuleni namkuta konokono amekaa kwenye nyuzi 25 na nusu, ametulia, hana hata mkopo.

Kosa langu kubwa la mwanzo lilikuwa la kujazia. Maji ya tangi yanapungua kwa mvuke, langu karibu lita mbili kwa siku. Mimi nikasoma akilini mwangu: hii ni bahari, imepungua bahari, naongeza bahari. Nikawa najazia maji ya chumvi kila asubuhi, tena kwa fahari. Baada ya wiki mbili tatu nikapima chumvi kwa refraktomita, ile bomba ndogo unayoichungulia kama nahodha. Natakiwa nione 1.025. Nikaona 1.030. Nikaifuta kioo. 1.030. Nikamlaumu fundi aliyeitengeneza. Kumbe, na hili hata mtoto wa shule angeniambia, mvuke unaondoka na maji peke yake. Chumvi haina mabawa. Inabaki pale pale, nami kila siku namletea nyingine. Kinachojaziwa ni maji matupu yasiyo na chumvi. Nilikuwa natengeneza maji ya kuhifadhia samaki waliokufa, kabla hata sijapata walio hai.

Mungu si Athumani, walikuwamo bakteria tu.

Siku ya samaki ikafika. Lakini kabla ya samaki ikafika rangi ya kahawia. Asubuhi moja mchanga wangu mweupe umevaa vumbi la kahawia, mawe kahawia, kioo kahawia. Ni diatomu, mwani mdogo mno, niliambiwa wanakuja kwenye kila tangi jipya na kuondoka wenyewe. Waliondoka kweli, wakamwachia kiti mwani wa kijani wenye nywele ndefu. Nikaung'oa kwa mkono, nao ukampisha utando mwekundu wa utelezi, ambao si mwani bali ni bakteria wa aina yake. Kahawia, kijani, nyekundu. Tumbawe lenyewe la rangi nililoliona kwenye picha, halipo. Mama mkwe alipopiga simu kuuliza hali ya tangi nikamwambia linaendelea kupata rangi.

Nikanunua wale wawili wa chungwa. Mkubwa nikamwita Mzee, mdogo nikamwita Bibie. Mzee anatangulia, Bibie anafuata. Mzee anakula kwanza, Bibie anapata masalia. Mzee akimkaribia, Bibie anatetemeka mwili mzima. Nikawa nawaonyesha wageni: tazameni nidhamu ya nyumba hiyo! Nikikohoa kidogo kumwelekea mwenye masikio.

Halafu nikasoma. Samaki wa jamii hiyo hakuna anayeanguliwa akiwa jike. Katika kundi, mkubwa kuliko wote ndiye anayegeuka jike na kutawala. Anayemfuata anabaki dume lake. Jike akifa, dume anapanda cheo na kuwa jike. Kwa hiyo Mzee ni mama. Na yule anayetetemeka pembeni, anayekula masalia, ndiye mume.

Nilinyamaza nalo siku nne. Siku ya tano Mama Neema akalisoma mwenyewe. Sitaeleza kicheko hicho. Tangu siku hiyo akinituma kitu nikichelewa, ananiita Bibie.

Nikawapa anemoni, kiumbe laini cha baharini chenye minyiri, wakae, maana kila picha duniani inawaonyesha wamelala ndani ya anemoni. Hawakuitazama. Walishachagua kulala kwenye kona ya hita, wanajisugua kwenye bomba la plastiki kama ndilo alilowaumbia Mola. Anemoni nayo, kwa kuona haina wapangaji, ikaanza kutembea. Ndiyo, inatembea! Ina mguu mmoja na inautumia. Usiku inahama, asubuhi unaitafuta. Ilipita juu ya tumbawe langu laini ikaliunguza, siku ya tatu nikaikuta imebakiza vidole viwili iingie kwenye mdomo wa pampu. Nikazima umeme wa nyumba nzima kwa hofu. Mwisho ilituama nyuma ya jiwe kubwa, mahali ambapo hakuna binadamu anayeweza kuiona, na hapo ndipo ilipo mpaka leo. Nimefunga taa ya gharama ili niimulike, nayo imeenda kuishi uani.

Zaidi ya hiyo niliyoinunua, mawe yalikuja na anemoni nyingine ndogo ya kahawia, ya kudandia, gugu la watu wa fani hii. Nikaambiwa usiikate. Nikaikata. Kila kipande kikawa anemoni. Sasa ninazo kumi na moja.

Kuhusu msiba wa kamba nitasema kwa kifupi kwa sababu bado ninaona haya. Nilikuwa na kamba msafishaji, mwekundu mwenye mstari mweupe mgongoni, mpole, anapanda kwenye mkono wako na kukusafisha kucha. Jumapili nikamkuta chali mchangani, mweupe, mwepesi, amekauka macho. Neema akalia. Mimi nikajikaza. Tulimtoa kwa kijiko, tukamvika kiberiti, tukachimba nje, nikasema maneno machache, na jirani yule mzee alikuwa anapita, akavua kofia. Tuliporudi ndani kamba amekaa juu ya jiwe, mkubwa kuliko jana, anakula. Walikuwa wamebadilisha gamba. Yaani alikuwa amebadilisha, mmoja tu. Nimesema "wamebadilisha" kwa sababu siku hiyo nilihesabu kamba wawili kwa muda mrefu. Tumezika nguo.

Na kukatika kwa umeme? Saa nane za usiku. Chini ya tangi kuna tangi dogo, tunaliita sampu, maji yanashuka yenyewe na pampu inayarudisha juu. Pampu ikizimika, bomba la kurudishia linageuka mrija, linayanyonya maji ya juu kuyashusha mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo wangu niliuzamisha sentimita 10, ili nisisikie sauti ya maji. Sentimita 10 za tangi langu ni lita 40. Sampu ilikuwa na nafasi ya 25. Hesabu hiyo nilimfanyia Mama Neema nikiwa nimeshika ndoo, yeye kasimama juu ya kochi na tochi. Dawa yake ni kutoboa tundu dogo kwenye bomba karibu na uso wa maji, kazi ya dakika moja. Mimi niliifanya baada ya lita 15 kwenda kulala chini ya kabati. Kisha, kwa kuwa maji yaliyosimama yanaishiwa hewa, nikakaa nachota kwa kikombe na kumimina toka juu, nachota na kumimina, mpaka umeme uliporudi karibu na alfajiri. Mzee na Bibie walilala muda wote. Kwenye kona ya hita. Iliyozimika.

Na katika giza lile, mimi na kikombe changu: TAP!

Kwa mara ya kwanza niliusikia kwa karibu, na nikajua hautoki kwenye kioo. Unatoka ndani ya jiwe. Nikatafuta habari zake, nikampata. Ni kamba mwingine, mdogo kama kidole, mwenye gando moja kubwa lisilolingana na mwili. Alikuja ndani ya mawe tangu siku ya kwanza, hakulipiwa, hakupokewa, hakuhesabiwa. Gando akilifunga linarusha maji kwa kasi, kinatokea kiputo, na kiputo kikisinyaa ghafla ndipo unapopata ule mlio. Mwaka 2000 watafiti walionyesha kwamba mlio hautoki kwenye kugongana kwa gando bali kwenye kiputo hicho. Anawalenga viumbe wadogo, wanazimia. Mimi ninayelala chumba cha pili ninaamka.

Nikaapa kumtoa. Nikaweka mtego wa chupa. Nikashika anemoni gugu ya kumi na mbili. Sijamwona uso wake hata leo. Nimebadilisha maji asilimia 10 kila wiki kwa ajili yake, nimechuja, nimepima, nimegombana na mke kuhusu pinki, na yeye kazi yake ni kunigongea ukuta.

Wiki iliyopita nimelala, usingizi mzito wa mtu aliyebeba ndoo kutwa, nikatikiswa bega.

"Baba Neema."

"Mmh."

"Leo hajagonga."

"Nani?"

"Yule wako. Tangu saa nne. Hajagonga hata mara moja."

Nikafumbua macho. Kweli, kimya. Tukainuka wote wawili, tukaenda sebuleni kwa tochi ya mwanga mwekundu ili tusiwashtue. Nikapima joto: 25.5. Nikapima chumvi: 1.025. Yeye akatikisa kichupa cha nitrati, akaiweka kadi chini ya mwanga mwekundu, ambako kila kitu ni pinki, akasema mbaya sana hii, nikasema washa taa, akasema utawaamsha. Tukakaa kwenye kochi tumeinamia kioo, pua mbili zimeganda.

Dakika kumi. Dakika ishirini.

TAP!

Mama Neema akashusha pumzi. Akazima tochi, akajifunga khanga yake vizuri, akaanza kuelekea chumbani.

"Haya Bibie, twende kulala. Kesho kuna kubadili maji."